Anwani ya Fundi

"Nyumba tumepata," Posta alimwambia mkewe. "Kilichobaki ni anwani."

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko chake. Alikuwa ameishi na mzee huyu miaka thelathini na minane, na bado aliweza kumshtua asubuhi asubuhi.

"Nyumba gani tena, Baba Watoto? Tunahama?"

"Ya blogu yako! Kuna kampuni ina kompyuta kubwa zisizozimwa, nimekodi kipande kwenye moja. Maandishi yako yatakaa humo. Lakini nyumba bila anwani, nani atafika?"

Tuseme ukweli, mzee wa miaka sitini na sita anayeongea hivyo ni wa kutazamwa mara mbili. Miezi miwili nyuma aliishika kompyuta kama sufuria ya moto. Ila alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, kwanza kugawa barua mitaani, kisha kuzipanga kwenye vijisanduku, na siku alipong'amua kwamba mtandao nao ni kujua kitu kinaitwaje na kinakaa wapi, basi, hakushikika tena. Alichora masanduku mawili kwenye kipande cha boksi, akaandika jina huku na nyumba kule. "Hivi viwili havijuani," alimweleza mkewe. "Inabidi uwaambie wale waliokuuzia jina: mgeni akiuliza, mwelekezeni kule." Fundi hakuelewa hata nusu, lakini alivimba kichwa kwa niaba yake.

Shida yenyewe ilikuwa ya Fundi. Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka juzi, na daktari hakuzungukazunguka: haitaacha. Na yeye hakuwa mshonaji wa nguo za kawaida tu. Waliomjia ni wale ambao mafundi wengine huwapima haraka haraka huku wakitazama pembeni: mwenye kibiongo, mwenye mguu mmoja mfupi, mama aliyetoka hospitali na titi moja. Wakitoka kwake walitembea kifua mbele. Namna ya kuzikata nguo hizo aliiandika kwenye madaftari saba, na watoto wake wote waliikimbia sindano tangu wadogo. Ikiwa mambo yale hayangetoka nje, yangekufa naye. Alilijua hilo, na lilimuuma.

Bahati ikamwangukia. Mwalimu wa chuo cha ushonaji alimpa saa nzima ya kuongea na wanafunzi, Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia hapo. "Uje na anwani ya hiyo blogu," alimwambia. "Hawa hawashiki kalamu, wanashika simu."

Jina lilikula siku nne. Posta alikuwa na kipimo chake: anwani nzuri ni ile unayoisikia mara moja ukaiandika bila kuuliza. Kwa hiyo kila jina alimpigia simu dada yake, akalitamka mara moja, akamwambia aandike. Na huyo dada, wifi yake Fundi, hajawahi kukubali kitu bila kuuliza. Jina la kwanza, lililokuwa na neno "miili" ndani yake, likamfanya apige kelele, "Miili gani? Nani ameumia?" La pili lilikuwa na kistari, akataka kujua kistari kinakaa juu au chini. Fundi akasema kwa hasira, "Mimi ninachotaka ni nguo ikae tu." Posta akamtazama, akashika simu. Wifi akaandika "nguoikae" herufi kwa herufi, halafu akauliza, "Ikae wapi?" Posta akapiga makofi.

Alipojaza fomu ya kununua jina, mahali pa mmiliki aliandika jina la mkewe bila kupepesa macho. Wako waume wangeandika la kwao. Alimfungulia na barua pepe yake mwenyewe, humo humo kwenye kompyuta ya nyumbani. "Mali yako, sanduku lako," alisema. Makala Fundi alizichapa mwenyewe, akifuta kila pale kidole kilipogonga mara mbili. Akimaliza moja, Posta aliichukua na kuipandisha kwenye blogu, akahakikisha inafunguka hata kwenye simu mbovu ya jirani. Fundi alimchungulia kutoka kwenye cherehani, miwani imemshuka puani, na akafikiri kwamba mwanamume huyu amezidi kupendeza.

Asubuhi ya Jumamosi, chai ikiwa bado ya moto, Posta alifungua blogu aitazame mara ya mwisho. Kwenye kioo palikuwa na sentensi moja: anwani hii imesimamishwa.

Wakapiga simu kwa waliowauzia jina. Binti wa huduma alikuwa mpole. Alisema walimwandikia mmiliki siku ile ile ya kwanza, wakarudia mara mbili, wakimwomba abonyeze mahali fulani kuthibitisha kwamba barua pepe ni yake. Akipitisha siku kumi na tano bila kubonyeza, jina husimamishwa lenyewe.

"Barua gani?" Fundi alimgeukia mumewe.

Posta alifumba macho. "Ziko tatu. Kwenye sanduku lako."

"Uliziona?"

"Niliona zimefika. Nikakuwekea karatasi kwenye cherehani, kila mara. 'Una barua.'"

Ni kweli aliziweka. Fundi alidhani ni salamu za wateja, akaziahirisha; mambo yote ya mtandao si yalikuwa ya Posta?

"Na hukufungua hata moja, Baba Watoto?"

"Zilikuwa zako, Mama."

Fundi alikasirika, tena sana. Alitaka kumpigia kelele mpaka majirani watoke. Lakini huyu ndiye mtu aliyeshika barua za wenzake miaka yote ile, za mapenzi na za misiba, asifungue hata moja, na yeye mwenyewe Fundi amejisifia jambo hilo mtaa mzima. Angeanzia wapi kulichukia leo? Akavuta kiti, akafungua sanduku lake, na kwa kidole kilichorukaruka akabonyeza palipotakiwa. Binti wa simu akasema jina linaweza kurudi baada ya saa moja, linaweza kurudi jioni.

Kipindi kilikuwa saa nne asubuhi. Wakavaa, wakaenda.

Darasani walikuwepo wanafunzi ishirini na wawili. Mwalimu aliandika anwani ubaoni, simu zikatolewa, na sentensi ile ile ikatokea kwenye vioo vyote. Mtu akacheka nyuma. Fundi alishika chaki, na chaki ikagonga ubao yenyewe, tak tak tak, mpaka akairudisha. Hapo Posta akasimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Yeye kazi yake ameimaliza. Mimi niliona barua nikaiacha. Msimcheke yeye."

Fundi alimtazama mume wake aliyesimama mbele ya vijana, mikono imenyooka ubavuni, anajishtaki. Hasira ikamwisha yote. Likamjia jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Njoo hapa mbele," alimwambia. "Vua koti. Haya, na shati."

Posta akabaki na fulana, ameduwaa, na Fundi akamgeuza mgongo uelekee kwa wanafunzi. Wakaanza kunong'onezana.

"Nini?" Posta aliuliza, uso umeelekea ukutani.

"Bega la kulia," Fundi aliwaambia wanafunzi. "Limeshuka vidole viwili. Mfuko wa barua. Sasa tazameni shati alilolivua. Nani alijua?"

Hakuna aliyejua. Hata mwenye bega.

"Tangu lini?" Posta aliuliza polepole.

"Mwaka wa tatu wa ndoa. Kila shati lako nimelikata hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeanza kutembea umeliinua." Darasa likacheka, na yeye akacheka nao. "Ndiyo makala ya kwanza kwenye blogu. Si umeipandisha mwenyewe?"

"Niliipandisha," alisema Posta. "Sikuisoma."

Binti mmoja wa meza ya mbele alipewa futi, kalamu na karatasi ya kukatia. Fundi aliweka mikono yake nyuma, akasema maneno tu: anzia shingoni, shusha hapa, usiguse kwapa, mbele kata kidogo kuliko nyuma. Binti alipima, akachora, akakata, akakibana kipande kile juu ya bega la Posta kwa pini. Kikalala bapa, bila mkunjo. Fundi alikizunguka mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona, na alilazimika kugeukia dirisha kwa muda.

Anwani ilirudi saa nane mchana, wakiwa nyumbani. Makala zote zilikuwemo, kila moja mahali pake. Posta aliketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani, kisha akageuka kumtazama mkewe.

"Fundi," alisema. "Naomba ruhusa nisome."