Kisanduku Nyuma ya Kiti

Jumanne tarehe tisa Aprili, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, eskaveta, mashine yetu ya kuchimba, ilizima. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kutazama simu, nione kama mke wangu Gatwiri ametuma neno. Hakuwa ametuma. Nikarudisha simu mfukoni, nikavuta mkono wa mashine kwangu na udongo ukiwa kwenye ndoo, injini ikanyamaza. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ilinyamaza kama mtu aliyeambiwa anyamaze.

Nilikuwa nimekata barabara yetu ya kwenda Kanyakine, mtaro wa kina cha mtu na nusu, wa kupitisha bomba kubwa la mradi wa maji. Kukata, kulaza bomba, kufukia: saa tatu zingetosha. Barabara ile nyingine ya chini ilikuwa imebebwa na mvua wiki iliyotangulia. Wakubwa walikuja wakaipiga picha, wakapanda magari yao wakaenda.

Saa saba mke wangu akaletwa na pikapu ya jirani yetu Riungu. Gatwiri alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu tuoane, na siku hiyo kilikuwa kimembana asubuhi yote. Kutoka ng'ambo ya mtaro mpaka hospitali ni dakika kumi na tano. Kufukia mtaro kama ule kwa mashine ni dakika kumi. Nilikuwa ndani ya kebini nikizungusha ufunguo, nikimwona kupitia kioo ameinama kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja umeshika dirisha. Nilizungusha mpaka kidole gumba kikafura. Wanaume walishika majembe, lakini udongo ulikuwa umelowa, kila jembe likitoka na mzigo wa kunata. Walipomaliza kutengeneza mahali pa kumvusha kwa machela, alikuwa amenyamaza naye.

Tangu siku hiyo mimi sikai. Watu wakinipa kiti nasema nina haraka, na sina ninakokwenda. Natoka kwangu natembea mpaka Mitunguu, napita kati ya migomba ya watu, nageuka narudi. Binti yangu Kananu aliniambia, "Baba, utakanyaga hiyo barabara iishe." Nikamwambia hata ikiisha hakuna mkubwa atakayekuja kuitengeneza.

Mtu niliyemlaumu nilimlaumu kwa jina. Kiunga, mwenyekiti wa kamati ya maji. Siku ile saa sita, kabla Gatwiri hajaletwa, watu walitaka kufukia mtaro kwa mkono. Kiunga akasimama pale na mwavuli wake, akasema, "Acheni. Fundi yuko njiani. Mkifukia sasa, mtachimba tena kesho?" Watu wakaacha. Hayo maneno nimeyasema kanisani, nimeyasema sokoni, nimeyasema kwenye mkutano wa chifu mpaka nikaambiwa nikae chini. Sikukaa.

Fundi alifika siku ya nne, kutoka Nairobi. Alipima dizeli, akapima betri, akafungua vichujio. Kila kitu kizima. Kisha akaondoa kifuniko cha plastiki nyuma ya kiti, akatoa kisanduku cheusi, kidogo kama redio ya mfukoni, chenye taa moja ndogo, kataa ka kijani.

"Hii haijaharibika," akasema. "Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na aliye na uwezo wa kuifunga. Huko China wakiuza mashine kwa malipo ya polepole huweka hiki. Mnunuzi wa kwanza asipomaliza deni, wanabonyeza tu, inasimama popote ilipo, hata ikiwa imeuzwa tena."

"Hata huku kwetu?"

"Mzee, hata juu ya Mlima Kenya."

Alipiga simu siku nzima, kwa mtu anayemjua mtu. Kesho yake akatumiwa namba, akaziingiza kwenye kioo cha mashine, ikaamka. Ikafukia mtaro. Kwa dakika kumi. Wakati huo tulikuwa tunamchimbia Gatwiri kaburi, kwa majembe.

Kiunga alimwambia kila mtu hakuna aliyejua habari ya kisanduku. Nami nikanyamaza hapo. Kwa mengine yote nilipiga kelele, hapo nikanyamaza.

Sasa nisikilizwe vizuri: sijawahi kusema mashine ile ni mbaya. Mpaka leo sisemi. Shule niliachia darasa la nne, lakini nimeendesha mashine miaka thelathini na moja, na ndiyo maana kabla ya kuinunua kamati ilinichukua twende nayo mpaka yadi ya mashine zilizotumika, Nairobi, niikague. Mita ya saa za kazi ilionyesha saa elfu nne na kidogo. Mita hudanganya, kwa hivyo nilitazama pedeli, nikaona mpira wake umelika kidogo tu. Kiti hakikuwa kimechanika upande wa mlango, pale opereta anaposhukia. Hizo mbili zilikubaliana na mita. Nikatikisa pini za ndoo, nikachungulia kama kuna rangi iliyopakwa juu ya mafuta. Nikainua mkono juu kabisa, nikazima injini, nikawaambia twende tunywe chai. Tuliporudi mkono ulikuwa haujashuka hata upana wa kidole. Hapo ujue mafuta hayavuji ndani. Watu hucheka vitu vya Mchina, lakini Mjapani wa bei ile angekuwa mashine ya kung'olewa vyuma. Hii ilikuwa na miaka sita, na vipuri vyake unaagiza leo vinafika kesho.

Kiunga akaniuliza, "Tuchukue?"

Nikasema, "Chukua."

Mwezi wa pili mwaka uliofuata kamati ikaamua kuiuza. Mabomba yalikuwa yamekwisha kulazwa. Wanunuzi walikuwa kikundi cha Ishiara, kule chini upande wa Embu, watu wanaotaka kuchimba mabwawa kabla mvua haijaja. Kiunga alinijia mwenyewe nyumbani. Alisimama mlangoni kwa sababu sikumkaribisha.

"Mzee Muthamia, wewe ndiye unayeijua ile mashine. Uwaonyeshe tu kazi. Mambo ya kile kisanduku yalikwisha. Karibu mwaka sasa, haijazima tena."

"Na wakiniuliza?"

"Nani atauliza? Wewe chimba, inua, shusha. Basi."

Nilienda. Usiniulize kwa nini nilienda. Pengine nilitaka kushika zile lava za kuendeshea tena. Pengine nilitaka mashine iondoke mahali ninapoiona kila siku nikipita.

Walikuja wawili, Alhamisi, na pikapu iliyojaa vumbi mpaka kwenye kioo. Njeru alikuwa mwenyekiti wao, mtu mrefu, shavu moja limevimba kwa majani ya muguka aliyokuwa akitafuna. Mwingine alikuwa mweka hazina wao, mama aitwaye Mukami, viatu vya raba, kitambaa kichwani, na macho ya mtu anayehesabu mbuzi wakitoka zizini.

"Mzee, salama?" Njeru akasema. "Kumbe huku mna migomba hivi, na bado mnalalamika!"

"Nyinyi huko mbuzi wenu wanakunywa nini?" nikamuuliza.

"Wanakunywa ahadi. Kila baada ya miaka mitano wanaletewa lori zima."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Niliwasha. Ilikamata mara moja. Niliwachimbia shimo, nikakwangua kingo zikawa laini kama ukuta wa nyumba, nikaweka ndoo chini nikainua mashine yote upande mmoja ili waone cheni za kutembelea zikizunguka. Njeru akapiga makofi. "Mchina amejaribu! Mimi nilidhani itakunjika kama kijiko cha chai."

"Hii usiitukane," nikamwambia. "Imefanya kazi kuliko kamati yote."

Kiunga, aliyekuwa amesimama kando, akacheka kwa nguvu, kama mtu ambaye hakutukanwa.

Nikainua mkono juu, nikazima, nikawaambia tungoje tuone kama utashuka. Njeru akaenda na Kiunga kivulini kuzungumza bei. Mukami hakwenda. Alipanda kebini mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akabonyeza pedeli kwa mguu mmoja mmoja, akapinda shingo kutazama nyuma.

"Baba," akaita, "hiki cha kataa ka kijani ni cha nini?"

Kifuniko hakikuwa kimerudishwa tangu fundi aende.

Kutoka pale niliposimama ningeweza kusema ni redio. Ndivyo nilivyojiambia kwenye yadi, siku ile ya kwanza. Kwa maana nilikuwa nimekiona. Nilipokuwa nikikagua kiti niliingiza mkono nyuma, nikakigusa, nikaona kataa kale kanawaka hata ufunguo ukiwa umetolewa. Nikajiuliza kitu gani hiki kinachokaa macho mashine ikiwa imelala. Mwuzaji alikuwa karibu, msichana mpole, ningemwuliza. Lakini Kiunga na mwandishi wa kamati walikuwa wananitazama, mimi mtaalamu wao niliyeletwa mbali nikalipiwa chakula, na sikutaka kuonekana kuna kitu kwa mashine nisichokijua. Nikarudisha mkono wangu. Nikasema, chukua.

Mukami alikuwa bado ananitazama.

"Hicho ndicho kilichomuua mke wangu," nikasema.

Akashuka. Hakushuka kwa haraka. Nikamweleza yote pale pale kando ya cheni: dakika ile, mtaro, pikapu ya Riungu, fundi. Kiunga aliona mikono yangu ikirushwa akaja mbio, Njeru nyuma yake.

"Huyu mzee ana huzuni, mama, msimsikilize sana. Hicho kitu kilifunguliwa. Na hata sisi hatukujua kilikuwa hapo."

"Mimi nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Nilikiona kwenye yadi. Nilikigusa. Sikuuliza."

Kiunga alinisogelea mpaka viatu vyetu vikagusana. Ni mtu mkubwa, sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima, Muthamia, umenifanya muuaji. Mke wangu haendi sokoni Kanyakine kwa sababu yako. Watoto wangu wanaonyeshwa kidole. Na wewe ulikuwa umekishika kwa mkono wako!"

"Na wewe uliwaambia waache kufukia."

"Ningejua Gatwiri anakuja?"

"Wewe ni mwenyekiti! Kazi yako ni nini, kama si kujua watu wanapita wapi?"

"Na kazi yako ilikuwa nini, kule yadi?"

Nilizunguka mashine, nikaizunguka tena. Nilipofika mbele mara ya pili nikaona mkono bado uko juu pale pale nilipouacha. Haujashuka. Mashine ya kweli.

Mukami ndiye aliyetukata maneno. "Nyinyi wazee mtagombana tukienda. Mimi nauliza jambo moja tu. Huyo aliyeifunga, akitaka kuifunga leo, anaweza?"

Kiunga akamtazama Njeru. Njeru akatema muguka.

"Fundi alisema imefunguliwa," Kiunga akasema.

"Hata mlango wangu umefunguliwa. Ufunguo bado ninao." Akanigeukia. "Baba, mashine hii ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Ungekuwa ni wewe, ungenunua?"

Nikafikiri sana. "Kwa bei hiyo hupati nyingine. Lakini usiiweke kwenye barabara ya watu wagonjwa mpaka ujue ni nani mwenye neno la mwisho juu yake."

"Basi tumwulize mwenyewe," akasema.

Kisandukuni kulikuwa na kikaratasi chenye namba ndefu ya simu ya kule China. Yadi haikuwa inatushikia simu tena, na fundi alikuwa amebadilisha laini. Mukami akaingiza namba ile kwenye simu yake. Alisema simu inaweza kugeuza Kiswahili kuwa Kichina, mwanawe alimfundisha. Akaandika kwanza ya kwake, akisoma kwa sauti: sisi ni wakulima wa Kenya, mashine yenu yenye namba hizi iko kwetu, je, bado mna uwezo wa kuizima? Akasema wakijibu kwa maandishi kwamba hawana, Ishiara itaichukua kwa bei ile ile. Wasipojibu, hawachukui, hata kwa nusu.

Kisha akanyoosha simu kwangu. "Na wewe, baba? Sema, niongeze."

Nilimwambia maneno yangu. Aliyaandika bila kuyabadilisha. Kiunga alisimama kando, nilidhani atapinga. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Mwandikie na tarehe, wasiseme hawakumbuki." Akamtajia tarehe na saa. Aliijua mpaka dakika, kama mimi.

Ujumbe ulikwenda. Jioni Mukami alinipigia akasema umesomwa. Sasa ni wiki ya sita. Mashine imesimama palepale kwenye kiwanja cha mradi, mbuzi wa Ishiara wanangoja, mvua iko karibu kuanza, na mimi na Kiunga tunapitana njiani bila salamu, lakini kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kama ana habari. Asubuhi napitia pale. Nachungulia kebini, nakaona kataa kanawaka. Kisha nampigia Mukami, naye kabla sijasema neno huniambia, "Bado, baba."

Yale niliyomwambia aandike hayakuwa marefu. Sikuuliza ni kwa nini waliifunga, wala ni nani aliyeshindwa kulipa, hayo ni yao. Niliuliza hivi: siku ile, saa nne na dakika ishirini, kabla hujabonyeza, ulitazama kwanza mashine imesimama wapi?