Simbilisi wa Mapendo Hachinjwi

Siku ile Mapendo aliapa: simbilisi huyu hachinjwi, na anayetaka kumchinja aanze na yeye Mapendo.

Asubuhi alimkuta jikoni kijinyama huyo, mfano wa panya mnene asiye na mkia, kajikunyata kando ya mafiga, mgongo umepinda, anajikamua akojoe na hakuna kinachotoka ila tone la damu. Alilia kile kilio chao chembamba cha firimbi, mwili mzima unatetemeka.

"Mchinje sasa hivi, kabla hajawa kibudu," alisema mama mkwe wake, Marsiana. "Leo ni zamu yetu kumlisha bwana mifugo."

Tuseme kweli, Marsiana hakukosea. Kwa watu wao, waliovuka ziwa kutoka Kongo, simbilisi hufugwa jikoni, na mgeni akija anakamatwa mmoja. Ndiyo kazi yake. Lakini huyu! Huyu Mapendo alimbeba kifuani ndani ya khanga siku lori la serikali, la Operesheni, lilipowatoa ufukweni, kusini ya Ujiji, kuwaleta kwenye kijiji hiki kipya, na paa lao likang'olewa mbele ya macho yao. Mumewe Lukas alifoka, majirani walilia. Mapendo hakufungua mdomo. Mpaka leo kimya kile kilimkera kama mwiba wa samaki kooni.

"Samahani, mama. Hachinjwi."

"Ala! Kwani siku hizi panya ni mtu?"

"Si mtu. Ni wangu."

Mchana Ndugu Bonaventura, bwana mifugo, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, ametoka kukagua mbuzi wa kijiji. Ndiyo kwanza anamaliza kumwamkia Marsiana na kukaa, Mapendo akampakatisha simbilisi.

"Mtibu, Ndugu."

Bwana mifugo akacheka. "Dada, mimi nimesomea ng'ombe na mbuzi. Hii ni mboga."

"Mbuzi akishindwa kukojoa unamfanyaje?"

"Mbuzi ni mbuzi."

"Nimekuuliza, unamfanyaje!"

Marsiana akajishika kichwa. Mgeni kufokewa, tena mtu wa serikali! Lakini Bonaventura, labda kwa njaa, labda kwa aibu, akamgeuza mnyama na kumpapasa. Kicheko kikakatika.

"Ana jiwe. Limetoka kwenye kibofu likakwama mlangoni kabisa. Angekuwa dume ningesema basi. Jike njia yake ni fupi, huenda likaminyika likatoka... Anakunywa maji?"

"Simbilisi hanywi maji," Marsiana akadakia. "Tangu enzi za bibi zetu. Majani yanamtosha."

"Majani ya ufukweni, mama, mabichi, yenye umande. Huku juu, kiangazi hiki, mnampa nini?"

Mapendo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. Pumba, na mchicha uliokauka. Alimlisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Maji yenyewe yanafuatwa bondeni, mbali. Nani angemtengea mnyama wa jikoni? Uchungu ukampanda, kisha hasira, na hasira ikamfaa zaidi.

"Mminye," alisema. "Akifa, afie mikononi mwetu, si kwenye sufuria."

Akaleta mawese ya vuguvugu, akampaka. Bonaventura akasukuma taratibu kwa kidole gumba, Mapendo kashika miguu. Simbilisi akapiga ukelele wa kutisha.

"Jamani, mwacheni!" alilia Marsiana.

"Endelea," alisema Mapendo.

Kikachungulia kitu cheupe. Bonaventura akakivuta kwa kucha zake: jiwe, kubwa kama punje ya mahindi, limejaa ncha. Nyuma yake mkojo ukamwagika, mwingi, wa damu damu, ukailowesha kaptura ya serikali yote.

Mapendo alicheka huku analia. Akachota maji ya mgeni ya kunawa, akamwekea simbilisi. Akanywa! Alikunywa bila kupumzika, na Marsiana alimtazama mdomo wazi.

Bonaventura alisimama akikung'uta kaptura. "Dada, siku nyingine usimfokee mtu wa serikali namna hiyo."

"Nitafoka, Ndugu," alisema Mapendo, akimsogezea ugali na dagaa. "Nimechelewa tu kuanza."