Dawa Zako Zimefika Luvungi

Simu ya Nyirabahizi ililia tena asubuhi, na maneno ya ujumbe yalikuwa yale yale: "Nyirabahizi, dawa zako zimefika Luvungi. Kuja uzichukue."

Hakuwa ameagiza dawa. Hakuwa na duka. Na mwaka ule Luvungi ilikuwa upande wa pili wa vita. Huku Uvira, mtu aliyesemwa ana mzigo kule alichukuliwa na askari, na hakuonekana tena. Nani alikuwa anamtafutia kifo?

Akamuuliza binti yake Délice, aliyefanya kazi kwenye depo ya dawa huko Kimanga. Délice akacheka.

"Ni miye, mama. Programu ya depo, wenye kuitengeneza wanaibadilisha kila mwezi. Ikibadilishwa, lazima tuijaribu kwanza: kuandika mzigo, kuutuma, kumjulisha mwenyewe. Kwa mkono nilikuwa ninachoka. Sasa nimeifundisha ordinatere, kompyuta ya kazini, ijaribu yenyewe. Ilitaka jina na namba, nikaweka yako. Ndiyo ninaijua kwa kichwa."

"Kumbe miye ni mtu wa kujaribia?"

"Mzigo ni wa uongo, mama. Hakuna dawa."

"Na atakayesoma atajua namna gani kama ni uongo?"

Délice akasema atalitoa jina. Lakini "nitatoa" ya watoto wa leo ni kama "niko njiani" ya mtu ambaye bado anaoga.

Juma lile lile Nyirabahizi alikuwa anaenda shambani, jembe begani. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha kutokea mjini, askari kijana aitwaye Kizito alikuwa anapokonya watu simu na kuzisoma. Ya Nyirabahizi ikalia mkononi mwake.

"Mama, dawa gani hizi? Unazipelekea nani?"

"Hakuna dawa, mwanangu. Ni mashini inajaribu."

"Mashini!" Akawageukia wenzake wawili. "Mumesikia? Mashini inamujua mama huyu mpaka jina. Kaa chini!"

Akakaa mavumbini. Mmoja akaanza kutafuta kamba. Nyirabahizi akalia, akaomba wampigie binti yake. Kizito akapiga, akafungua sauti wote wasikie.

"Afande, ni jaribio, ninakuapia," Délice akasema. "Nipe jina na namba yako. Niijaribishe sasa hivi, utajionea."

Kizito akacheka, akavitaja.

Simu ya Kizito mwenyewe ikawika kama jogoo. Mwenzake mrefu akachungulia begani, akasoma kwa sauti: "Kizito, dawa zako zimefika Luvungi. Kuja uzichukue."

"Ee! Kumbe mwenye mzigo ni weye!" mwenye kamba akacheka.

"Mumeona? Ni mashini tu," Kizito akasema haraka. "Mama, shika simu yako na jembe lako. Pita."

Nyirabahizi akapita bila kugeuka. Lakini yule mrefu hakuwa amecheka. Kabla ya kona alimsikia:

"Leta hiyo simu. Kwa nini umempa mtu usiyemujua jina lako?"

"Si nimelitaja mbele yenu?"

"Unamujua, basi. Kaa chini."

Nyirabahizi akasimama. Akampigia Délice.

"Toa jina lake!"

"Lako nimeshalitoa, ma—"

"Lake! Ordinatere yako isije ikajaribu tena, na kijana wa watu amekaa pale."

"Inaendelea yenyewe, mama. Ngoja niisimamishe, ngoja kidogo..."

Nyuma, kwenye bariyeri, jogoo akawika.