Bahasha ya Mwisho Mkobani

Daktari alituagiza tuandike kwenye daftari kila baba anapotoka nyumbani. Kazi ikaniangukia mimi, maana cherehani yangu iko kibarazani na lazima anipite. Jumatatu niliandika: "Kazurura." Jumanne: "Katangatanga mpaka adhuhuri." Jumatano alirudishwa jioni na dereva wa lori la mchanga, nikaandika kwa hasira: "Kutwa kiguu na njia!"

Kaka yangu alisoma, akaenda dukani, akarudi na kufuli.

"Geti litafungwa," alisema. "Siku moja tutaletewa maiti."

Baba hatutambui tena, lakini kumfungia kama mbuzi kuliniuma.

Alhamisi niliacha gauni la mteja chini ya sindano, nikamfuata. Alishika upande wa kulia wa barabara. Kwenye kila mlango alisimama, akapapasa ubavuni pasipo na kitu, akaendelea. Hakuruka hata mmoja. Nililia palepale njiani. Baba alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na moja, na mimi niliyesomeshwa kwa miguu ile nilimwita mzururaji.

Nyumba zilipokwisha, alisimama njia panda, hajui pa kugeukia. Enzi zake alirudi nyumbani barua ya mwisho ikishafika, si kabla. Sasa hakuwa na barua ya mwisho.

Jioni nilimshonea mkoba wa turubai, nikatia bahasha moja yenye anwani yetu. Kusoma bado anasoma.

"Unamchezea mzee," kaka alisema.

"Nipe kesho tu. Kisha funga utakavyo."

Kesho yake baba alitoka saa mbili asubuhi, mkoba ubavuni. Saa saba mchana hajarudi. Kaka alisimama getini na kufuli mkononi. Mimi nilikuwa nimefumua mshono mmoja mara tatu.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti yake ya kazini. Alimpita kaka, akasoma bahasha, akanitazama usoni bila kunijua.

"Barua yako, mama. Samahani, njia ni ndefu."

Niliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante. Karibu ukae, upumzike."

Alikaa, akavua viatu. Kwenye daftari niliandika: "Alikwenda kazini. Amerudi."

Kaka alitia kufuli mfukoni, akaniuliza kwa sauti ya chini bahasha ina nini ndani.

"Haina kitu," nilimwambia. "Nilichokisubiri kimeshafika."