Injini ya Watu wa Dearborn

Mikono yangu hii imefunga injini miaka thelathini na moja, na sitaki kusikia mtu akisema nilikuwa nabahatisha. Kiwandani kwetu Flint, kwenye laini ya injini za silinda nane, kituo cha kumi na nne kilikuwa changu. Injini inafika mbele yangu, naipachika nyaya za plagi, naifunika distributa, kile kigawa cheche, naipiga kofi moja ubavuni, inakwenda zake. Hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa kosa la Verlene Gaddis. Muulize yeyote.

Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi msinishangae kwamba nilikuwa natukana mpaka jirani akafunga dirisha. Fairlane ya marehemu mume wangu ilikuwa gerejini, boneti wazi, injini nimeijenga upya mwenyewe tangu boliti ya kwanza, na imekataa kuwaka.

Thurman wangu alikuwa mtu wa Dearborn, kwenye kampuni ya wapinzani wetu. Tulipokwenda kwenye ukumbi wa chama chetu cha wafanyakazi, alinishusha mlangoni kisha akaenda kuegesha Fairlane mwisho kabisa, karibu na mapipa ya taka, kwa sababu kibao kilisema magari ya Dearborn yakae huko. Alirudi kwa miguu kwenye theluji, viatu vimelowa, anacheka na kila mtu. Miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika. Nilimpenda sana mwanamume yule.

Gari hilo walilinunua yeye na kaka yake Roscoe walipokuwa vijana. Thurman alikuwa ameanza kuifumua injini moyo wake uliposimama, na mimi nikairithi ikiwa vipande vipande ndani ya maboksi ya ndizi. Kwenye sherehe ya ukoo mwaka uliopita, Roscoe akasimama mbele ya akina Gaddis wote, ubavu wa nguruwe mkononi, akasema gari lirudi Dearborn kwa watu wanaolijua, maana mwanamke wa Flint ataligeuza banda la kuku. Nikamjibu pale pale: mwaka ujao nitaliendesha mpaka hapa. Lisipofika kwa magurudumu yake, lichukue, wala sitafungua mdomo. Watu sabini walisikia.

Sasa mwaka ujao ulikuwa umefika. Sherehe saa saba mchana, ukumbi ule ule wa chama. Roscoe alikuwa njiani na trela.

Niliwaita Earline na Dorthea, wenzangu wa laini ile ile. Ukijumlisha, gerejini mle ilisimama miaka tisini na mitatu ya kazi.

"Tuanze mwanzo," Earline akasema. Akachomoa plagi, akaigusisha chuma, nikapiga stata kidogo. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye afya.

"Moto upo. Mafuta?"

Dorthea akainamia kabureta, akanusa. "Yamejaa tele. Piga tena."

Nikapiga. Injini ikazunguka, ikakohoa, halafu kishindo! Ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta na kulamba ukingo wa kofia ya Dorthea.

"Wewe! Hii ni kofia ya kanisani!"

"Nani alikwambia uje gereji na kofia ya kanisani?" nikamuuliza.

"Shoga, injini hii imekunusa," Earline akaniambia. "Imeshajua umetoka wapi."

Nikakataa kupiga stata tena. Injini mpya haizungushwi ovyo. Kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, nilikuwa nimeipaka grisi yake ya siku ya kwanza, na kila ukiizungusha bila kuwaka, grisi ile inafutika na chuma kinaanza kula chuma. Ilibidi tufikiri.

Tukachomoa plagi ya nambari moja, ya mbele upande wa dereva, Dorthea akaziba tundu kwa kidole, Earline akazungusha injini polepole kwa spana. Alama ya kwenye puli ilipofika sifuri, Dorthea akasema, "Inasukuma kidole." Sawa. Basi zamu yake ya kuwaka ilikuwa imefika. Tukaangalia nyaya. Kitabu cha Thurman kilikuwa wazi juu ya meza, na mpangilio wenyewe, zamu ya kila silinda kuwaka, umechorwa hata kwenye chuma: moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane. Nilihesabu mimi. Akahesabu Earline. Akahesabu Dorthea, kidole kwenye kila waya, kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hakuna kosa," akasema.

"Hakuna," Earline akasema.

Nami nilijua hakuna, na ndicho kilichokuwa kinaniua.

Saa tano kamili trela likaingia uani. Roscoe akashuka, suruali ya sherehe, kofia ya Dearborn kichwani makusudi.

"Shemeji Verlene! Kuku wanatagaje humo?"

"Waulize wewe, maana mnafanana."

Akacheka, akaja akainamia injini. Akatazama upande wa abiria. Akatazama upande wa dereva. Midomo yake ikacheza kidogo, kama mtu anayehesabu, kisha ikasimama. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Mimi nimeishi na wakaguzi wa kiwanda miaka thelathini na moja, naujua uso wa mtu aliyeona kosa na hataki kulisema.

"Umeona nini, shemeji?"

"Mimi? Sijaona kitu. Ahadi ni ahadi. Ngoja nilete minyororo."

Akageuka kwenda trelani. Gari la Thurman lilikuwa linaondoka, na jibu lilikuwa linaondoka nalo kichwani mwa Roscoe. Kumwomba sikuweza. Hata kama ningeweza, asingenipa. Lakini nikakumbuka kwamba mtu yule ameoza kwa majivuno kama mimi, na mimi najua panaponiuma.

"Sawa, lichukue," nikasema kwa sauti kubwa. "Tena umenipunguzia taka. Earline, si nilikwambia? Chuma cha Dearborn ni cha kuzuia mlango usipigwe na upepo."

Earline akanitazama. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Mlango mwepesi lakini," akasema. "Mzito hakiuwezi."

Minyororo ikaacha kulia.

"Ndiyo maana tulikuwa tunawaegesha kwenye mapipa," Dorthea akaongeza. "Ili wazoa taka wasihangaike kutafuta."

"Na usiwalaumu," nikasema. "Mtu akishafundishwa kuunda kitu kibovu, anakiunda hivyo hivyo mpaka anastaafu. Roscoe ulikaa Dearborn miaka mingapi vile, shemeji? Ishirini na tisa? Maskini. Miaka ishirini na tisa ya kutengeneza—"

"Injini hii haina kosa!" Roscoe alitupa minyororo chini. Shingo ilikuwa imemvimba. "Haina kosa hata chembe! Nimezitengeneza hizi! Ukiipa kilicho chake itawaka sasa hivi! Nyinyi wapumbavu watatu mmeihesabu Kiflint!"

Kisha akasikia alichokisema.

Nilikwenda mezani nikafunua kitabu cha Thurman, ukurasa uliofuata, ule ambao sikuwahi kuufungua kwa sababu nani wa kunifundisha mimi silinda iko wapi? Ulikuwa umegandana kwa grisi. Picha ilikuwa pale. Sisi Flint tunahesabu kwa kuvuka: moja kushoto upande wa dereva, mbili kulia upande wa abiria, tatu kushoto, nne kulia. Wao Dearborn wanamaliza kwanza upande wa abiria, moja mpaka nne, ndipo wanavuka kwenda wa dereva. Mpangilio wangu ulikuwa sahihi, ila kila nambari nilikuwa nimeipeleka kwenye nyumba ya jirani. Wataalamu watatu, miaka tisini na mitatu, tumekosea kwa sauti moja.

Roscoe alinyoosha mkono kwenye nyaya.

"Usiguse," nikamwambia.

Nikazihamisha zote nane mwenyewe. Vidole vilitaka kuvuka, nikavirudisha. Nikaingia ndani ya gari, nikashika ufunguo, nikasema, "Haya, Thurman."

Haikuzunguka hata mara mbili. Iliwaka kwa ngurumo iliyotikisa makopo ya rangi kwenye rafu, nami nikaishikilia mwendo wa juu dakika ishirini kama inavyotakiwa, huku Earline na Dorthea wakicheza kwenye moshi. Roscoe aliweka kiganja kwenye bodi, kichwa ameinamisha. Alikuwa analia.

"Unaisikia, Verlene? Unaisikia injini ya Dearborn?"

"Nasikia mikono ya Flint."

Akapangusa macho. "Ulinichokoza makusudi."

"Na wewe ulinyamaza makusudi."

"Ningelichukua," akasema. "Haki ya Mungu ningelichukua, nikanyamaza mpaka kaburini."

"Najua. Panda, tutachelewa. Trela utalifuata baadaye."

"Siliachi hapa. Nitakufuata nalo."

Basi tukafika ukumbini hivyo, mimi mbele na Roscoe nyuma na trela tupu linalogongagonga. Akina Gaddis walisimama kwenye meza zao wakisikia sauti ile kabla hawajaliona gari. Kibao cha zamani kilikuwepo bado, kimepauka, mshale unaelekeza kwenye mapipa. Mzee wa mlangoni, mtu wa laini yetu, alininyooshea mkono kuelekea huko.

Nikapita mbele yake polepole nikaiegesha Fairlane mlangoni kabisa, pale Thurman alipokuwa akinishusha. Nikazima injini. Kisha nikatoa kichwa dirishani nikampigia kelele Roscoe.

"Shemeji! Hilo trela kaliegeshe kule kwenye mapipa!"

Akaenda. Alirudi kwa miguu, mwendo wote ule, anacheka kama kaka yake.