Siku Tuliyoshangilia Saratani

Mume wangu, Sajini Odyek, ana saratani ya utumbo mpana, na siku tulipoambiwa ni ya aina gani nilicheza kwenye varanda ya hospitali mpaka mtandio ukaanguka. Mtaniona mwendawazimu. Ngojeni kwanza.

Daktari wa kwanza alikuwa ameingiza kamera, akaona uvimbe, akanyofoa kinyama cha kupimwa, akasema utumbo utakatwa na afande atajisaidia kwenye mfuko ubavuni maisha yake yote. Odyek alirudi nyumbani kwetu, kambi ya polisi ya Naguru. Mtu wa kutoa amri za kuamsha majirani akawa anaomba chumvi kwa kunong'ona. Nami, ninayeuza mapazia soko la Owino na sijawahi kushindwa na mtu kwa mdomo, nikawa mpole. Nilimwita "mpenzi". Tulikuwa tunatisha.

Daktari Lamwaka, anayepima vinyama hivyo maabara, ndiye aliyesema operesheni ingoje. Chembe alizoziona kwenye hadubini hazikumridhisha. Akazitia rangi nyingine, akaziangalia upya, kisha akatuita.

Alieleza polepole. Uvimbe ulikuwa umeanzia kwenye chembe za kinga ya mwili, si kwenye utando wa utumbo kama ilivyo kawaida. Inaitwa limfoma, na kuikuta huko ni nadra sana. Ya Odyek haikuhitaji kisu. Ilihitaji dawa za kutiwa mshipani, na matumaini yalikuwa makubwa.

Odyek akauliza, "Musawo, kwa hivyo mimi bado niko na kansa?"

"Bado, afande."

"Lakini hamukati?"

"Hatukati."

Ndipo nilipotoka nikacheza. Odyek alimpigia simu kaka yangu Jafar kule Kisugu, akamwambia yeye si mgonjwa wa hivi hivi, ana kansa adimu, madaktari wanaitana kuja kuiona. Alijigamba kama aliyepandishwa cheo. Muuguzi alitusihi tupunguze kelele, naye mwenyewe anacheka.

Kisha Odyek akaketi ghafla kwenye benchi, akanishika mkono.

"Mama Sadik, mimi nilijua nakufa siku ile uliacha kunigombeza."

Nilitaka kulia, nikakataa. Nikamwambia amekosea vifungo vya shati, anakoroma, amenizeesha kabla ya wakati, na akithubutu kukosa hata dawa moja nitamtangaza kambi nzima. Watu walipita wakitutazama. Yeye aliegemea ukuta, amefumba macho, anasikiliza, na kila niliponyamaza kuvuta pumzi alisema, "Endelea."