Sayari Yenye Jina la Udongo

Makaburini, katika kijiji kimoja cha Northumberland, kasisi alisoma kwamba mzee Cuthbert sasa anarudishwa "Earth". Mjukuu wake Tabitha, aliyefundishwa shuleni kuwa Earth ni sayari ya buluu, akauliza kwa sauti kubwa:

"Bibi, kwani Babu alikuwa kwenye sayari gani?"

Watu wakabana vicheko. Winifred, mjane wa marehemu, hakumkaripia. Aliinama, akachota udongo.

"Earth ndiyo hii, mjukuu wangu. Watu wa kale waliuita hivyo udongo waliolima. Walipokuja kujua kwamba wanaishi juu ya sayari, wakaipa jina lilelile."

"Kumbe! Sayari nyingine zina majina ya miungu, yetu ina jina la matope?"

"Ndiyo hivyo."

"Babu angefurahi. Si kucha zake zilijaa matope kila siku?"

Winifred akacheka, na machozi yaliyogoma tangu msiba uanze yakamtoka. Alikuwa ameyaogopa sana maneno yale ya kasisi. Sasa aliona mumewe, mkulima wa vitunguu maisha yake yote, hapelekwi ugenini. Akamgawia Tabitha udongo, wakaumwaga pamoja juu ya jeneza.